Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ibada, kutoka Lamu

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara hapa Lamu: baada ya darsa, barazani baina ya Magharibi na Isha, kutoka kwa vijana wa boti, kina mama wa Langoni na Mkomani, na watoto wetu walioko Mombasa na Nairobi wanaopiga simu kuuliza. Majibu yanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, kwa kuwa ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii. Palipo na rai nyingine yenye uzito, imetajwa. Mwenye jambo la talaka au mirathi aende kwa kadhi au kwa sheikh, akae naye uso kwa uso, maana mambo hayo yana mengi yasiyoandikika hapa.

Ibada ni nini hasa?

Ni kila analolipenda Mwenyezi Mungu na kuliridhia, liwe neno au tendo, la dhahiri au la moyoni. Ndivyo alivyoieleza mwanachuoni Ibn Taymiyya, na maelezo hayo yamekubaliwa na wengi. Humo mna swala, zaka, saumu na hija. Mna dua, dhikri na kusoma Qur'ani. Mna pia kuwatendea wema wazazi, kusema kweli sokoni, kumlisha jirani, na yale asiyoyaona mtu: kumpenda Mola, kumcha, kumtegemea, kusubiri anapokutia mtihanini.

Msingi wake ni aya ya 56 ya Sura Adh-Dhariyat, ambayo maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu hakuwaumba majini na watu ila wamwabudu. Basi ibada ndiyo sababu ya sisi kuwapo. Haiwezi kuwa shughuli ya Ijumaa au ya Ramadhani tu.

Ili tendo likubaliwe kuwa ibada, hutakiwa mambo mawili: lifanywe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake, na lifuate alivyofundisha Mtume (S.A.W.). Nia safi haihalalishi cha haramu. Mwizi hawezi kuiba kwa nia ya kutoa sadaka.

Je, Mwenyezi Mungu anazihitaji ibada zetu?

La. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, aliyoipokea Muslim, mmoja wa waliokusanya hadithi kama Bukhari na Tabarani, Mwenyezi Mungu anasema kwamba lau wa kwanza wetu na wa mwisho wetu, watu wetu na majini wetu, wote wangekuwa na moyo wa yule mcha Mungu kuliko wote, hilo lisingeongeza kitu katika ufalme Wake. Na kuhusu wanyama tunaochinja, Sura Al-Hajj aya ya 37 inatuambia kuwa hazimfikii nyama zao wala damu zao, bali humfikia ucha Mungu wetu. Wenye haja ni sisi.

Watu husema kazi ni ibada. Basi mwenye kufanya kazi kutwa ana haja gani ya kuswali?

Swali hili huulizwa sana na vijana, na wengi hawaulizi kwa ubishi. Wamechoka kweli.

Kazi ni ibada, na hilo lina ushahidi. Masahaba walimwona mtu mwenye nguvu akiwahi kazini asubuhi, wakasema laiti nguvu zile zingekuwa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mtume akawajibu kuwa akiwa ametoka kuwatafutia watoto wake wadogo, yuko katika njia ya Mwenyezi Mungu. Akiwa ametoka kwa ajili ya wazazi wake wazee, yuko katika njia hiyo. Na akiwa ametoka ili ajistiri asiombe, pia yumo. Ila akitoka kwa ria na kujifakhirisha, yuko katika njia ya shetani. Hadithi hii imepokewa na Tabarani.

Mtazame fundi anayekalafati chombo cha baharini huko Matondoni. Anasukuma pamba iliyolowa mafuta kwenye kila ufa baina ya mbao, akigongea taratibu, hata zile nyufa za chini zitakazofunikwa na rangi na mwenye chombo asizione maisha yake yote. Hakuna anayemsimamia. Akifanya hivyo kwa kujua kuwa Mola anamwona, na kwamba kuna roho za watu zitakazopanda chombo kile, huyo yumo ndani ya ibada na nyundo yake mkononi.

Lakini ikiadhiniwa Adhuhuri, nyundo iwekwe chini. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema mja Wake hajikurubishi Kwake kwa kitu akipendacho zaidi kuliko yale aliyomfaradhishia. Faradhi ndiyo mwanzo, na mengine hufuata. Kazi huwa ibada kwa sababu ya nia, na nia ya mtu asiyesimama mbele ya Mola wake hata mara moja kwa siku hufifia. Baada ya muda kazi hubaki kazi tu, na mshahara ndio malipo yake yote. Swala tano zina rakaa kumi na saba. Ukizijumlisha hazifiki muda tunaokaa barazani kuzungumzia mpira.

Nia lazima itamkwe?

Hapana. Mahali pa nia ni moyoni. Kwa Mashafi, kuitamka kabla ya takbira ni jambo la kupendeza ili ulimi uusaidie moyo, na wako wanavyuoni wasioliona hilo. Aliyenyamaza, moyo wake ukajua anaswali swala gani, swala yake imetimia.

Sisi ni wavuvi. Tukiwa baharini tutatawadha na nini, na tutaswali vipi?

Swali hili lina heshima kubwa, kwa sababu Mtume mwenyewe aliulizwa na watu wa bahari. Mtu mmoja alimwambia: sisi hupanda bahari tukachukua maji kidogo, tukiyatawadhia tutashikwa na kiu, je, tutawadhe kwa maji ya bahari? Akamjibu kuwa bahari maji yake ni twahara, na mfu wake ni halali. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Kwa hiyo msiguse dumu la maji ya kunywa. Teka baharini utawadhe, na udhu wako ni kamili kama wa aliye msikitini.

Kibla. Kutoka Lamu, Makka iko kaskazini, imeegea magharibi kidogo sana. Mwenye dira au simu hana taabu. Asiyekuwa navyo, mchana ana jua na usiku ana nyota, na nyinyi wavuvi mnazijua kuliko walimu wenu. Jitahidini kadiri ya uwezo, kisha elekeeni mnakodhani. Chombo kikigeuka nanyi mko ndani ya swala ya faradhi, geukeni mrudi kwenye kibla.

Kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa anayeweza. Kwenye jahazi kubwa, bahari imetulia, simama. Kwenye dau au boti ndogo wakati wa kusi, mawimbi yakirusha na mtu anachelea kuanguka au kushikwa na kizunguzungu, aswali kwa kukaa, arukuu na kusujudu kwa namna inayomwezekana, na hana haja ya kuona haya. Wala msichague kuichelewesha Alasiri mpaka Magharibi kwa hoja kwamba mtaswali vizuri mkifika. Iliyoswaliwa kwa kukaa ndani ya wakati wake ni bora kuliko ile nzuri iliyoachwa wakati ukapita.

Jamaa mmoja aliuliza kama magamba na damu ya samaki kwenye nguo huharibu swala. Magamba si najisi. Damu ya samaki, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa ni najisi kama damu nyingine, ila kidogo kinachomrukia mtu wa kazi hiyo husamehewa. Mwenye kikoi cha akiba kwenye mfuko wa plastiki amejiondolea wasiwasi wote.

Ninaposafiri kwenda Malindi au Mombasa, nipunguze swala?

Ndiyo. Safari ya halali inayozidi kilomita 80 hivi inaruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha zikawa rakaa mbili mbili. Inaruhusu pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Lamu mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo ruhusa ipo. Huanza unapotoka nje ya mji wako, na ukishavuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara, umeshatoka. Basi likisimama njiani, swali Adhuhuri na Alasiri pamoja, usiuachie wakati kwa kutegemea dereva atasimama tena.

Pate, Siyu na Faza ni karibu, hakuna kupunguza. Na aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, akifika huko huswali kamili.

Nafanya kazi nyumba ya wageni huko Shela. Nitaswalije katikati ya kazi?

Mtume amesema ardhi imefanywa kwake msikiti na kitu cha kutwahirishia (Bukhari na Muslim). Stoo, darini, uani, popote palipo twahara panatosha. Kunja msala mdogo uuweke pamoja na vitu vyako. Mwambie mwajiri mapema, kwa adabu, kuwa unahitaji dakika kumi mara mbili au tatu kwa zamu, na uzilipe kwa kazi safi. Waajiri wengi hukubali wakiambiwa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kuhudumia pombe, kuficha si nasaha. Mtume amewalaani watu kumi katika jambo la pombe, na mwenye kuibeba na mwenye kuinywesha wamo. Omba upangiwe kazi ya vyumba, jikoni, bustani au boti. Asiyepata badili kwa haraka asiache swala kwa kujiona mchafu. Hilo huongeza hasara juu ya hasara. Aswali, aombe, na atafute mlango mwingine kwa bidii.

Kwenye misikiti ya zamani kuna birika la maji ya udhu na kata ya kutekea. Siku hizi mfereji (bomba) unafunguliwa mpaka mwisho. Kuna ubaya?

Upo. Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, yaani chini ya lita moja, na akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano (Bukhari na Muslim). Aliyekaa kwenye jiwe la birika anajua: unateka kata moja, unaosha uso, unateka nyingine, na mkono wenyewe unakufundisha kiasi. Maji matamu ya mji huu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hayana mwenzake. Kufunga mfereji huku unapaka kichwa ni katika adabu za udhu.

Naswali lakini moyo haupo. Swala yangu ina faida?

Ina faida, na uchungu unaousikia ni dalili ya uhai. Asiyejali haulizi.

Anza na vitu vya nje. Muslim amepokea kwamba hakuna swala chakula kikiwa tayari mezani, wala kwa mtu anayejizuia haja. Kula kwanza, nenda chooni kwanza, iache simu nje ya chumba. Tawadha pole pole. Fika kabla ya ikama, ukae hata dakika mbili bila kusema na mtu.

Halafu ingia ndani ya Alhamdu, yaani Sura Al-Fatiha. Tunaisoma mara kumi na saba kila siku katika faradhi pekee, na wengi wetu tunaipita mbio kana kwamba ni njia ya kufikia sura nyingine. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, Mwenyezi Mungu anasema ameigawa swala baina Yake na mja Wake. Mja akisema sifa njema zote ni za Mola wa viumbe vyote, Mwenyezi Mungu husema: mja Wangu amenihimidi. Akisema Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu, husema: mja Wangu amenisifu. Akisema Mwenye kumiliki siku ya malipo, husema: mja Wangu amenitukuza. Akisema Wewe tu tunakuabudu na Wewe tu tunakuomba msaada, husema: hili ni baina Yangu na mja Wangu, na mja Wangu atapata aliloliomba. Kila aya ina jibu lake. Basi simama kidogo mwisho wa kila aya, kwa kiasi cha pumzi moja, ukijua unajibiwa. Jaribu katika Alfajiri ya kesho peke yake, usijaribu swala zote tano kwa siku moja.

Na jifunze maana ya unayoyasema. Habib Swaleh, aliyekuja Lamu kutoka Ngazija na ambaye Msikiti wa Riyadha ni alama yake, aliwasomesha watu ambao wakubwa wa mji waliona elimu si fungu lao, watumwa na wana wao wakiwamo. Elimu ya kujua unachomwambia Mola wako haina nasaba. Muulize maalimu yeyote akufasirie Alhamdu, neno kwa neno. Ni darsa ya jioni moja.

Nikiwa na hedhi nimekatika na ibada?

Hukukatika, dada. Swala imeondolewa na hutailipa. Saumu ya Ramadhani utailipa baadaye. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza hivyo hasa: walikuwa wakiamrishwa kulipa saumu, hawakuamrishwa kulipa swala. Kuacha kwako swala siku hizo ni kutii amri, na kutii ni ibada. Dhikri, dua, istighfari, kumswalia Mtume, kusikiliza Qur'ani ikisomwa, kufutarisha watu, yote haya ni yako. Wengi huacha hata nyiradi (dhikri na dua za kila siku) za asubuhi wakidhani hazifai, na si hivyo.

Jirani yangu hakosi safu ya kwanza, lakini amekula shamba la dada zake. Ibada yake itamfaa?

Hukumu ya mtu ni ya Mola wake. Lakini jambo lenyewe liko wazi, na linauma kwa sababu linatokea katika nyumba zetu.

Mtume aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, naye alimtukana huyu, akamsingizia huyu, akala mali ya huyu, akamwaga damu ya huyu, akampiga huyu. Kila mmoja atalipwa kutoka katika mema yake. Mema yakimalizika kabla madeni hayajesha, yatachukuliwa madhambi yao atwikwe yeye, kisha atupwe Motoni. Muslim ameipokea.

Baba amekufa, ameacha minazi na nyumba ya mawe. Kaka mkubwa anasema dada zetu wameolewa, wana waume wa kuwatunza. Qur'ani imetaja fungu la binti katika Sura An-Nisaa, na haikusema "akiwa hajaolewa". Kila nazi inayoangushwa pale ina haki ya dada ndani yake. Swala zake za safu ya kwanza anawawekea akiba dada zake, bila ya wao kujua. Ndugu mwenye jambo kama hili, kabla hujauliza nyiradi gani ya kusoma usiku, nenda kagawe mirathi.

Na hata asiyesema ana haki. Punda anayebeba mawe na mchanga vichochoroni kutwa, akipigwa mgongo uliochubuka, atatetewa na Mola aliyemuumba. Mwanamke aliingia Motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula, na mtu alisamehewa kwa mbwa aliyemnywesha maji. Zote mbili ziko katika Bukhari na Muslim.

Maulidi ni ibada?

Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ukiingia swali hili huwasha moto, na mji huu ndio unaojulikana kwa maulidi. Wanaoyasoma wanasema ndani yake mna Qur'ani, sala na salamu juu ya Mtume, kusoma sira yake na kulisha watu, na kila moja la hayo lina asili. Wanaoyaacha wanasema Mtume na masahaba hawakuifanyia sherehe siku ile, na ibada haizidishwi. Mimi nimelelewa nayo na nayapenda. Ninachokiomba kwa pande zote ni kuwa asiwepo anayekesha maulidini kisha Alfajiri ikampita kitandani, na asiwepo anayewatukana waumini kwa jina la kuilinda sunna. Swala ni faradhi kwa makubaliano ya wote, na heshima ya Muislamu ni haramu kuvunjwa kwa makubaliano ya wote.

Nimeacha kuswali miaka mingi. Nitaanzia wapi?

Anza na swala inayokuja. Ukisoma haya baada ya Alasiri, basi swala yako ni Magharibi. Usisubiri Ijumaa, usisubiri Ramadhani, usisubiri kwanza uache kila kosa ulilonalo.

Madhehebu manne yanasema zilizopita hulipwa. Wako wanavyuoni wanaosema aliyeacha kwa makusudi hutubu na kuzidisha sunna. Kwa anayefuata Shafi, njia nyepesi ni hii: kila faradhi ya leo, ifuatishe moja ya kulipa ya aina yake. Adhuhuri ya leo, kisha Adhuhuri ya deni. Ukidumu hivyo, kila mwaka utakuwa umelipa mwaka. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Kifo kikikukuta njiani, umekutwa ukilipa.

Usione haya ya kurudi msikitini mbele ya wazee. Wengi wao wamekuwa wakikuombea.

Mtoto aanze lini?

Huamrishwa swala akifika miaka saba. Kabla ya hapo, mwache asimame kando yako aige. Akikimbia msikitini asifukuzwe: Mtume aliswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua.

Mama yangu ni mzee, hawezi kusimama, na mara nyingine husahau ameswali au la.

Imran bin Huswain alikuwa mgonjwa, Mtume akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu (Bukhari). Kiti kinafaa, kitanda kinafaa. Asiyeweza kurukuu wala kusujudu aashirie kwa kichwa, sijida iwe chini kidogo kuliko rukuu. Akihitaji kutawadhishwa, mtoto au mjukuu amwagie maji na kumwosha viungo, na nia aitie yeye mwenyewe.

Akisahau idadi ya rakaa lakini akili yake ipo, mtu akae karibu amkumbushe kwa sauti ya chini. Na akifikia pahali hajui tena saa wala siku, wala hatambui swala ni nini, basi kalamu imeinuliwa juu yake. Hadaiwi swala, hakuna fidia ya kutolewa kwa ajili yake, na asilazimishwe wala asikaripiwe. Akitaka mwenyewe kushika tasbihi au kusoma sura aliyoihifadhi utotoni, mpeni nafasi, hata akiirudia ile ile kutwa nzima.